Tumbo Hukaza Kila Alhamisi: Ni Machale au Ni Njaa?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 31, naishi Tanga na mama yangu. Nimeposwa, barua imejibiwa, nusu ya mahari imeshaletwa, na ndoa imepangwa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha tu. Zimebaki wiki tisa. Nyumbani kila mtu ana furaha isipokuwa tumbo langu.

Nieleze linavyokuwa. Huanzia kwenye chembe cha moyo, hukaza kama mtu anayekamua nguo, kisha mikono inakuwa baridi na kijasho chembamba kinanitoka. Moyo unakwenda mbio. Nikilala nausikia masikioni. Mara mbili nimetapika maji matupu. Ilianza kama miezi miwili iliyopita, hunijia zaidi usiku, na Alhamisi haikosi.

Mchumba wangu ana miaka 36, anafanya kazi Dodoma. Tunaandikiana kila siku, lakini simu ndefu ni ya Alhamisi baada ya Isha, kwa sababu fundi hulipwa Ijumaa na lazima tupange usiku ule. Anajenga. Nyumba imefika kwenye lenta, imebaki kupaua. Nimekubali kuchukua mkopo wa mtumishi wa shilingi milioni 18, makato 390,000 kwa mwezi kwa miezi 72, ili tuingie kwetu badala ya kupanga. Kiwanja kiko kwa jina la kaka yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo Dodoma wakati kinanunuliwa. Hilo si tatizo, tulishaliongea likaisha. Fomu ninazo kwenye mkoba, imebaki sahihi ya mwajiri tu.

Ni mtu mwema, Mshauri. Hapandishi sauti. Mama sukari yake ilipopanda, yeye ndiye aliyepiga simu kila asubuhi kuuliza kama amekula. Alipokuja Tanga mara mbili hizi, tulikaa Raskazone tukila samaki mpaka saa mbili usiku na sikumbuki tumbo kunisumbua hata kidogo.

Kinachonitia wazimu ni hiki. Mwaka 2019 nilichumbiwa na mtu mwingine. Kwa yule mwili wangu ulitulia kama maji ya mtungini. Nilikula, nililala, nilinenepa. Wiki tatu kabla ya ndoa ikajulikana ana mke na watoto wawili Lushoto. Kweli hakuwahi kunipeleka kwao, na siku zote alinipigia kutoka nje, nikawa nasikia magari, lakini wala sikujali. Basi mwili ule ulionyamaza kwa tapeli, leo unapiga kelele kwa mtu mwema. Nimwamini upi?

Niliswali istikhara usiku saba. Sikuota chochote, tumbo ndilo likazidi. Shangazi yangu anasema hilo ndilo jibu lenyewe, roho imekataa, mnangoja nini. Mwalimu mwenzangu hana imani na istikhara wala ndoto ila naye anasema hivyo hivyo kwa lugha yake: mwili haudanganyi, machale yakikucheza kimbia. Kaka yangu anacheka, anasema ni vidonda vya tumbo. Vidonda niliwahi kuwa navyo kweli, nilimaliza dozi mwaka juzi. Tena mimi hufunga Jumatatu na Alhamisi, na siku hizi nalipa na deni langu la Ramadhani iliyopita, kwa hiyo siku za kufunga zimeongezeka. Chakula kimenishinda, nikifuturu natosheka na tende na kahawa.

Naomba uniambie: mwili wangu unanikataza? Au ni woga tu wa mtu aliyeungua akaogopa moto?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na hongera, yote mawili, kwa sababu barua yako imebeba yote mawili.

Nikikuelewa vizuri, una hali moja ya mwili na watu watatu walioitafsiri kila mmoja kwa lugha yake. Shangazi ameisoma kama jibu la dua, mwenzako kama machale, kaka kama ugonjwa. Wawili wa kwanza wanakubaliana kuwa tumbo linasema sentensi nzima, tena yenye jina la mchumba wako ndani yake. Hapo ndipo ningependa tusimame kidogo. Tumbo halijui majina. Linajua kukaza na kulegea. Jina tunaliweka sisi, na mara nyingi tunaweka jina la jambo kubwa lililo karibu. Kwako wiki hizi ni ndoa.

Mwili hufanya hivi. Ukipata hofu, ya simba au ya fomu, homoni ya adrenalini humwagika, moyo hukimbia, damu hupunguzwa kwenye ngozi na kwenye utumbo ikapelekwa kwenye misuli. Ndiyo maana mikono hupoa na chakula hukwama. Habari hizo hurudi ubongoni kupitia mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani mpaka tumboni. Takriban nyuzi nane kati ya kumi za mshipa huo kazi yake ni kupandisha habari juu, si kushusha amri. Kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie unajitungia. Unachokisikia kipo. Kisichojulikana bado ni kilichokileta.

Sasa nirudi kwenye barua yako, maana majibu mengine umeyaandika mwenyewe bila kuyapa uzito. Alhamisi umefunga. Unafuturu kwa tende na kahawa. Baada ya Isha anapiga simu, na simu hiyo ni ya fedha za ujenzi. Hayo ni mambo matatu ndani ya saa mbili, na tumbo moja tu la kuyapokea yote.

Tuchukue kahawa peke yake. Ukinywa magharibi, saa kumi na mbili na nusu, kafeini hufika kilele kwenye damu ndani ya saa moja hivi, na kwa watu wengi huchukua kama saa tano kupungua nusu. Maana yake saa mbili usiku simu ikilia bado imepanda, na saa tano na nusu unapolala ukisikia moyo masikioni, nusu yake ingali inazunguka. Tumbo halina chakula tangu alfajiri, na kahawa huchochea asidi. Mwili umekauka maji, na uhaba wa maji peke yake hufanya moyo upige haraka. Hata bila mchumba, mtu aliyewahi kuwa na vidonda akifanya hivi mara mbili tatu kwa wiki, chembe cha moyo kitamsokota. Kaka yako anastahili kusikilizwa, ingawa angeacha kucheka.

Lakini Jumatatu nako unafunga na kunywa kahawa ile ile, nawe umeitaja Alhamisi tu. Je, Jumatatu tumbo hukaza sawasawa? Barua haisemi, na pengine hata wewe hujawahi kuangalia. Ndilo swali la kwanza ninalokuomba ujibu.

Kuna jaribio moja maarufu kuhusu watu kukosea chanzo cha mapigo yao. Mwaka 1974, kwenye daraja la kamba la Capilano huko Kanada, linaloning'inia takriban meta 70 juu ya mto na kuyumba ukipita, watafiti walimweka mwanamke awahoji wanaume waliokuwa wakivuka, kisha awape namba ya simu. Waliohojiwa juu ya daraja lile walimpigia kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara la chini. Watafiti walieleza kuwa moyo uliokuwa ukidunda kwa ajili ya kimo ulichukuliwa kuwa unadunda kwa ajili ya mwanamke. Wao walidhani ni mapenzi. Wewe unaweza kudhani ni kukataa. Kosa ni lile lile.

Mwenzako naye ana hoja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha jaribio la kadi zilizogawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yalitoa faida kubwa na hasara kubwa zaidi, mawili faida ndogo na hasara ndogo. Viganja vya wachezaji vilianza kutoa jasho mkono ulipoelekea mafungu mabaya, kabla hawajaweza kueleza ubaya uko wapi. Wengine waliupinga ufafanuzi huo mwaka 2004, wakionyesha kwamba wachezaji wakiulizwa kwa makini huwa wanajua mapema zaidi ya ilivyodhaniwa. Hata hivyo liko jambo ambalo wasimuliaji wa habari hii huliruka: viganja vile havikutabiri. Vilikwisha kuvuta kadi na kuumia. Machale hutokana na kadi zilizokwisha kuvutwa.

Hilo ndilo linalonifanya nisishangae sana kwamba mwaka 2019 ulitulia. Mwili wako haukuwa umewahi kudanganywa na mchumba. Haukuwa na kadi hiyo. Leo unayo, na huenda unaitumia kwa mtu ambaye hakuivuta. Nasema huenda, kwa sababu kuna upande wa pili. Umeandika kwamba yule hakukupeleka kwao na alipiga simu akiwa nje, ukaongeza "wala sikujali." Je, mwili ulinyamaza kweli, au ulisema kwa sauti ndogo ukaupita? Miaka imepita na sote huipanga upya kumbukumbu ikikaa sana, kwa hiyo usijilazimishe kulijibu. Ninaliuliza kwa sababu ya sentensi nyingine iliyofanana nayo kwenye barua hii hii: "Hilo si tatizo, tulishaliongea likaisha." Kwangu zinasikika kama ndugu wawili.

Kuhusu istikhara nitasema machache, na mengine umuulize sheikh wenu. Hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume, inayofundisha dua hiyo inataja rakaa mbili zisizo za faradhi na dua ya kuomba jambo liwe jepesi kama lina kheri, na ligeuziwe mbali kama lina shari. Haitaji ndoto, wala haitaji tumbo. Anayeswali istikhara huendelea kuuliza, kuchunguza na kushauriana, ambako ndiko unakofanya sasa. Shangazi hana nia mbaya. Ameipa dua yako jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Basi tufanye kazi, na tuifanye mapema, maana Ramadhani ikiingia utafunga kila siku na vipimo vyote vitabadilika. Una kama wiki nne.

Kwanza hospitali. Mweleze daktari kwamba uliwahi kutibiwa vidonda na umetapika mara mbili. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda kinaweza kuendelea kuonyesha yumo hata baada ya kupona, kwa hiyo kwa mtu aliyekwisha kumaliza dozi uliza kipimo cha kinyesi. Kama unameza omeprazo au dawa za jamii yake, kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne. Vinginevyo majibu yanaweza kutoka safi kwa uongo. Omba pia kupimwa wingi wa damu, na tezi ya shingoni kama umekonda, unatetemeka mikono au joto linakushinda kuliko wenzako. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, au kifua kikibana na pumzi ikakata, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo. Na uliza wazi kama hali yako inaruhusu kufunga siku zote hizo kwa sasa. Deni la funga lina nafasi ya kupangwa; daktari na sheikh watakusaidia kulipanga.

Pili, daftari, siku 14. Wewe ni mwalimu, kalamu haikushindi. Andika mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, pamoja na kila tumbo linapokaza. Mstari mmoja tu, hivi:

"Alhamisi, saa 2:10 usiku. Nimefunga. Tende 3, kahawa vikombe 2. Jana nililala saa 5. Siku ya 22 ya mzunguko. Chembe cha moyo, 7. Mapigo 104. Dakika kumi kabla: ametaja fomu."

Ile 7 ni ukali, kutoka 0 mpaka 10. Mapigo yahesabu kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lenyewe, lina mapigo yake litakuchanganya. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Siku ya mzunguko usiiache, kwa sababu wanawake wengi wiki ya kabla ya hedhi kila kitu huongezeka ukali.

Safu ya mwisho, ya dakika kumi kabla, ndiyo yenye mali, nayo ndiyo watu huharibu. Huandika "mawazo" au "wasiwasi." Hiyo haikusaidii. Andika tukio: nani alisema nini, ulisoma ujumbe gani, ulishika karatasi gani. Kosa la pili ni kujichungulia kutwa nzima. Ukiliangalia tumbo kila dakika litakupa kitu cha kuona, kama vile jicho la juu linavyocheza na mtu akaanza kungoja mgeni, kumbe hajalala siku tatu. Andika, funga daftari, endelea na vipindi.

Tatu, tenganisha yale mambo ya Alhamisi, na ubadilishe moja tu kila mara. Wiki ya kwanza usiguse simu wala mazungumzo. Futuru kwa maji, tende, uji au muhogo wa nazi, kahawa usinywe baada ya adhuhuri. Kama umezoea vikombe vingi, punguza kimoja kila siku mbili, la sivyo kichwa kitakuuma kuanzia siku ya kwanza na utakisingizia kitu kingine. Wiki ya pili mwombe mwenzio simu ya ujenzi ihamie Jumamosi mchana, siku ambayo hukufunga, na Alhamisi muongee mengine yote, shule, mama, samaki wa Raskazone. Kisha soma daftari. Kukaza kukipungua wiki ya kwanza, kulifuata njaa na kahawa. Kukihamia Jumamosi, kumefuata mazungumzo. Kukisambaa siku zote, tunarudi kwa daktari.

Nne, karatasi. Chukua vipande sita, kila kimoja andika kitu kimoja: kuishi na yeye, kuhamia Dodoma, kumwacha mama, mkopo, kiwanja cha kaka yake, siku ya harusi yenyewe. Kaa mahali pa utulivu, umeshakula, miguu chini. Vuta pumzi hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi. Haichukui dakika mbili. Soma kipande kimoja kwa sauti, nyamaza dakika nzima, andika kilichotokea mwilini na wapi. Pumzika kabla ya kingine. Rudia baada ya siku nne ukiwa umevichanganya, kwa sababu kipande cha kwanza siku zote huleta kiherehere kisicho chake. Watu wengi hugundua kuwa walichokiita "ndoa" ni vitu vitano, na mwili una neno na kimoja tu, au viwili. Na pumzi zikishusha kukaza, usiseme basi ilikuwa hofu bure. Pumzi huzima king'ora. Haziangalii kama kuna moto.

Nitakuonya juu ya kitu kimoja ambacho wenye kushauri "fuata mwili wako" hawakisemi. Ukijiambia leo usiku "sitaolewa", kuna uwezekano mkubwa tumbo litalegea papo hapo. Nafuu hiyo isikupumbaze. Kila anayeahirisha mtihani hupata nafuu, hata aliyesoma. Ukitaka kulijaribu, ishi siku tatu kimyakimya kana kwamba umeamua kuendelea, kisha siku tatu kana kwamba umeamua kuacha, bila kumwambia yeyote, wala shangazi. Siku ya kwanza ya kila upande itupe. Angalia ya tatu: unalala vipi, unakula nini, unamkumbuka nani.

Sasa tuje kwenye ule mkopo, maana ningekuwa sikutendei haki nikiuacha. Shilingi 390,000 kwa miezi 72 ni 28,080,000. Makato yanaanza mwezi unaofuata, ndoa iwepo isiwepo, nyumba iishe isiishe. Kiwanja ni cha jina la kaka yake, na mwenye jina kwenye hati ndiye anayehesabiwa kwanza kuwa mwenye mali. Anayedai ameweka bati juu yake ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Simtuhumu mchumba wako. Familia nyingi hununua ardhi hivyo kwa nia safi kabisa. Ninachosema ni kwamba hata mtu asiyewahi kuumizwa, mwenye tumbo zima, angekuwa na haki ya kusikia kitu hapa. Nami sijui kama tumbo lako linalisema hilo. Daftari ndilo litakalojua.

Njia ziko zaidi ya mbili, yaani zaidi ya kuolewa na kukimbia. Unaweza kuendelea na vyote kama mlivyopanga, ukijua umebeba deni la miaka sita kwa imani. Unaweza kuolewa na kuuacha mkopo ungoje: mkapanga chumba na sebule mwaka mmoja, kiwanja kikabadilishwa jina au mkaandikishana kwa wakili, kisha ndipo upaue, hasara yake ni kodi, na pengine kaka mtu kuona mnamtilia shaka. Unaweza kuchangia kidogo, ukanunua bati mwenyewe na kutunza risiti zenye jina lako, ingawa bati likishapigiliwa kwenye nyumba ya mwingine risiti haina nguvu kama hati. Unaweza kuomba ndoa isogezwe mbele. Huko kuna maneno ya watu, kuna mahari iliyokwisha kupokewa, na kuna mama ambaye sukari yake haipendi misukosuko. Uyaweke mezani yote kabla. Na kuvunja kabisa kupo pia, hakujafungwa na mtu. Ila ukivunja kwa sababu ya Alhamisi, kisha mchumba ajaye naye akikupigia baada ya futari, utarudi hapa hapa.

Kuna habari ambayo hakuna tumbo linaloweza kukupa, ni yeye tu. Mwambie, kwa upole na siku uliyoshiba, "Naomba mkopo usubiri mpaka jina la kiwanja likae sawa." Usieleze sana. Kisha angalia pande zote mbili, mwili wako na jibu lake, uandike vyote, kila kimoja kwenye mstari wake. Anaweza kunyamaza, anaweza kuuliza kwa nini, anaweza kusema ngoja niongee na kaka, anaweza kukasirika, anaweza kukulaumu kuwa humwamini. Asipokujibu vizuri siku ya kwanza mpe na ya pili. Mtu aliyechoka kazini si mtu wa kupimwa kwa sentensi moja. Lakini kama atakutisha, au ukajikuta unaogopa kumwambia hata neno hilo dogo, niandikie tena haraka au mwendee mtu mzima unayemwamini, maana hapo tutakuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Fomu zitoe kwenye mkoba. Unatembea nazo kila siku, unazigusa ukitafuta chaki, na mwili unazihesabu. Ziweke kabatini kwa mama, juu kabisa, mpaka daftari lijae. Na Alhamisi hii, kabla ya kupokea simu, kunywa glasi mbili za maji, kula ushibe, kaa kitako, hesabu mapigo, uandike namba hiyo kabla hujasikia sauti yake.